Fimbo Iliyorudi Peke Yake

Mtaani kwetu dada yangu anaitwa Kiguu na Njia, na kwa jina hilo hakuonewa. Jumapili, watu wenye akili zao wanapojifunika shuka mpaka puani, yeye anavaa mabuti ya mpira, anapanda basi mpaka kituo cha mwisho, huko kwenye matope na matete, anatembea hadi miguu imlegee, kisha anarudi na basi la jioni akinuka kinamasi. Anasema amepumzika. Mimi ni msusi. Wiki nzima nasimama nyuma ya vichwa vya watu, na kwangu mimi kupumzika ni kukaa. Lakini yeye ndiye mkubwa, na kwetu mdogo haulizwi kama anataka kwenda. Anaulizwa viatu vyake viko wapi.

Matope yalikuja baadaye. Kwanza kulikuwa na pasi. Dada amefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali tangu mgongo wake ukiwa umenyooka. Chumba chenyewe hakina dirisha la maana. Kuna mashine zinazonguruma, mvuke, meza ndefu za kukunjia, na joto la kuivisha yai mfukoni. Kila wodi ina mfuko wake wa mashuka, na kila mfuko una kibao chake kidogo cha mti. Mfuko ukitoka, kibao kinakwenda nao. Ukirudi, kibao kinatundikwa ukutani kwenye msumari wake. Jioni hakuna anayehesabu mashuka. Mtu anautazama ukuta tu. Kila msumari ukiwa na kibao chake, kazi imekwisha, zima taa, funga mlango. Dada aliuamini ukuta ule kuliko alivyomwamini msimamizi wake, na kusema kweli haukuwahi kumwangusha.

Magoti ndiyo yaliyomwangusha. Kusimama kwenye sakafu ya saruji mwaka nenda mwaka rudi kuliyavimbisha hadi akawa anashuka ngazi kinyumenyume. Muuguzi mmoja, mteja wangu, akamshauri atembee kwenye ardhi laini. Mtu mwingine angezunguka bustani ya karibu na nyumbani. Dada akaenda kituo kikuu cha mabasi, akamsumbua kila dereva kwa swali moja: njia yako inaishia wapi, na hapo mwisho kuna nini? Madereva walidhani hazimtoshi. Lakini ndivyo alivyogundua kwamba mji wetu huu, unaotujaza vumbi puani, umezungukwa na maji. Kuna hifadhi nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako bata mwitu wanaogelea kwenye mashimo ya zamani ya udongo. Kuna nyingine pembeni ya reli, ndogo, unaimaliza kabla hujamaliza pipi mdomoni. Na kuna ile kubwa ya mtoni tunayoiita hifadhi ya lango, matete mpaka macho yachoke. Zote unazifikia kwa tiketi ya basi. Kinamasi kisichofikika kwa basi Dada hakitambui. Ukimwambia kipo kizuri mahali fulani ila kinataka gari, anakutazama kama mtu aliyemsifia mume wa jirani.

Taratibu akapata wafuasi. Fundi viatu, mke wa fundi viatu, wasichana wawili wanaofanya naye kazi, na mimi, niliyekwenda shingo upande kila mara. Kwenye hifadhi ya lango matope ni mazito na huwezi kutembea bila fimbo, kwa hiyo Dada alimwomba seremala achonge fimbo za kutosha pamoja na ubao mpana wenye matundu. Ubao ukasimamishwa kwenye geti la hifadhi, hatua chache kutoka kituo cha basi. Ukiingia unachomoa fimbo, ukitoka unairudisha tunduni. Matundu yakijaa, kinamasi hakina mtu. Unaona ule ukuta wa kufulia ulivyohamia porini. Mlinzi wa hifadhi naye aliufurahia ubao kwa sababu zake. Kwenye tuta la mto kuna lango la chuma, na kila jioni, basi la mwisho likishaondoka, yeye huzungusha gurudumu, lango likainuka, maji ya mto yakaingia kuyanywesha matete mpaka asubuhi. Njia ya chini tunayopita mchana, jioni huwa imezama. Zamani mlinzi alikuwa akizunguka kwanza kuhakikisha hakuna aliyebaki. Tangu ubao uje, akawa anautazama ubao.

Kulikuwa na desturi nyingine ndogo, ya faragha. Kinamasi hakina choo. Mtu akibanwa, anachomeka fimbo yake wima katikati ya njia, anaingia kwenye matete. Ukiikuta fimbo imesimama, unageuza uso na kupita, na ukiwa na adabu unakohoa. Hakuna aliyewahi kuitangaza sheria hiyo. Tuliijua tu, kama mnavyojua nyumbani ni kikombe cha nani hakiguswi.

Aliyekoholewa mara nyingi alikuwa shemeji yangu, mume wa Dada, na yeye kikohozi hakimsaidii kitu. Shemeji alizeekea kwenye kiwanda cha nguo, kwenye mitambo ya kufuma, na mitambo ile ilimla masikio kidogo kidogo mpaka ikayamaliza. Anasoma midomo vizuri ukimkabili usoni na kusema polepole. Kuongea anaongea, ila sauti yake haijui tena kipimo. Akinong'ona, jirani anaitikia. Mwanzoni Dada alijitahidi sana. Alikuwa akiacha sufuria jikoni, anakwenda kusimama mbele yake, anamwambia habari za kazini neno kwa neno. Lakini kumwambia jambo shemeji ni kazi, lazima uache kila ulichoshika, na Dada alikuwa akirudi kutoka kwenye pasi akiwa hoi. Habari zikapungua. Ikabaki kugonga meza, maana yake chakula tayari, na kuzima na kuwasha taa, maana yake njoo ulale. Nilikuwa nakaa kwao jioni nzima nisisikie neno, nikadhani ndiyo amani ya watu waliooana zamani.

Kwenye matembezi Dada alikuwa wa kwanza na shemeji wa mwisho. Mpango huo ulionekana wa maana. Mtu asiyesikia porojo huona kila kitu, na hakuna aliyeweza kupotea nyuma yake.

Jumapili ninayoisimulia tulikuwa na mgeni, karani mstaafu, bwana mmoja nadhifu aliyekuja na mfuko wa takataka kwapani. Kabla hatujafika mbali tulishamwita Bwana Usafi. Alikuwa akiokota kila kitu: karatasi, kifuniko cha chupa, kamba ya kiatu. Fundi viatu alimtania kwamba asije akaokota na bata. Mimi sikuwa na utani. Mimi ni mtu wa tumbo joto tangu kuzaliwa, na kwenye hifadhi ya lango tumbo langu huwa na jambo moja tu, basi la mwisho. Mawingu yalikuwa yameshuka, njia ilikuwa inateleza, na Dada alikuwa akisimama kila anapoona ndege mdiria. Nilimwambia mara tatu kwamba tutachelewa. Alinijibu mara moja, kwamba nikitaka kufika kabla ya basi niruke.

Tulifika kituoni basi likiwa linakunja kona. Ikawa heka heka, watu wanavua mabuti, wanatafuta viatu, wanasukumiza fimbo matunduni. Dada alisimama mbele ya ubao, mgongo ameupa kinamasi. Aliupitisha jicho kutoka kushoto kwenda kulia kama anavyoupitisha kwenye ukuta wa kazini. Matundu yote yalikuwa yamejaa. Akamwashiria mlinzi kwa kichwa, mlinzi akaitikia kwa kichwa, akaanza kupanda tuta kwenda kwenye lango lake. Sisi tukapanda basi.

Basi lilikuwa karibu tupu. Kila mmoja alijitupa kwenye kiti chake, mke wa fundi viatu akaanza kusinzia papo hapo. Tulikuwa tumeshapita vituo kadhaa kondakta alipofika kwa Dada, naye akalipa tiketi mbili kama kawaida. Kondakta akauliza ya pili ni ya nani.

"Ya mume wangu," Dada akasema, na kidole gumba akakielekeza nyuma bila kugeuka. "Yule pale mwisho."

"Mama, pale mwisho kuna magunia tu."

Ndipo alipogeuka. Nilikuwa nimekaa kando yake na niliuona uso wake ukibadilika, polepole, kuanzia machoni. Alisimama akatazama viti vyote, akatazama hata chini ya viti, kana kwamba mwanamume mzima angeweza kulala huko. Mimi kwa kiherehere nikatoa simu nikampigia. Nikampigia kiziwi. Simu ikatetemeka ndani ya mkoba wa Dada, maana shemeji aliwahi kuidondosha kwenye tope na tangu hapo mkewe ndiye anayemtunzia. Tuliisikiliza ikitetemeka mpaka ikanyamaza.

"Fimbo zote zilikuwepo," Dada akasema. "Mmeziona. Zote zilikuwepo."

Kisha Bwana Usafi akainua mkono nusu, kama mtoto darasani asiye na hakika. Alisema aliporudi nyuma kufuata karatasi aliikuta fimbo imechomekwa tu katikati ya njia, akadhani mtu kaisahau, akaona si vizuri kuacha vitu ovyo porini, akaibeba. Amerudisha mbili, yake na hiyo. Alipokuwa akieleza aliona nyuso zetu, na sauti yake ikaisha kabla maneno hayajaisha. Hakuna aliyekuwa amemwambia fimbo iliyosimama ina maana gani. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini wakati ule nilitamani kumtia kwenye mfuko wake mwenyewe.

Dada hakumgombeza. Alimuuliza aliiokota wapi. Akasema ni baada ya kibanda cha kutazamia ndege, pale njia inapogawanyika. Dada akapiga kengele ya basi, akaendelea kuipiga.

Dereva alisimamisha, ila kugeuza hakuweza. Barabara ilikuwa nyembamba, na ndani alikuwa na watu wa kuwafikisha kwao. Tukashuka wawili, mimi na Dada, na basi likaondoka na joto lake. Kuna mambo mtu huyajua bila kuambiana. Wote wawili tulijua mlinzi yuko kwenye gurudumu. Wote wawili tulijua shemeji hana fimbo, hana simu, na ukimwita hasikii. Tulianza kukimbia. Magoti ya Dada hayakimbii, lakini siku ile yalikimbia, na mimi niliye mdogo nikawa nyuma.

Aliyetuokoa ni muuza maziwa, alikuwa akija nyuma yetu na pikipiki yake yenye madebe matupu. Nilisimama katikati ya barabara nikatanua mikono. Akafunga breki, akataka kunitukana, Dada akamwambia kuna mtu kabaki kinamasini na lango linafunguliwa. Kijana hakuuliza la pili. Alifungua kamba, akayatupa madebe kwenye majani, tukapanda watatu, mimi nikiwa nimeshika kiuno cha Dada na kumwomba Mungu kwa sauti.

Mlinzi tulimkuta ameketi mlangoni pa chumba chake anapuliza chai. Lango lilikuwa wazi, tulilisikia kabla hatujaliona, ule mvumo wa maji mengi yanayopita mahali pembamba. Dada hakumsalimu.

"Lifunge," akasema. "Mume wangu yumo ndani."

Mlinzi aliutazama ubao. Akasema fimbo zote zimo.

"Fimbo zimerudi. Mtu hajarudi."

Alikimbilia gurudumu. Chai ilimwagika ikabaki hapo chini ikitoa mvuke. Lango likashuka, mvumo ukakatika, lakini maji yaliyokwisha kuingia yalikuwa yanaendelea kutambaa kati ya matete, na njia tuliyoipita mchana haikuonekana tena. Tulisimama juu ya tuta. Mlinzi akawasha tochi yake kubwa akawa anaipeperusha juu ya matete. Jua lilikuwa limezama ila mwanga ulikuwa bado upo, mwanga ule wa kijivu ambao kila kitu kinafanana nao. Dada alifungua mdomo aite, nikaona kifua chake kimejaa pumzi, kisha akaufunga. Hakukuwa na wa kumsikia.

Mimi niliita hivyo hivyo. "Shem," nikawa napiga kelele, "Shem, Shem," huku nikijua ni upumbavu. Hofu ilikuwa imenipanda hadi utosini na haikuwa na mahali pengine pa kutokea. Dada akanishika mkono kwa nguvu akaniambia ninyamaze, nawatisha ndege. Nilidhani amerukwa na akili. Mume anazama, yeye anawaza ndege.

Alikuwa akiwaangalia yangeyange. Saa zile ndio wanaporudi kulala, makundi kwa makundi, weupe, wanatua kwenye matete kama nguo zinazodondoka kutoka kwenye kamba. Wanatua, wanagombana kidogo, wanatulia. Kundi moja likatua mbali kushoto, likatulia. Jingine mbele yetu, likatulia. Kisha kundi la tatu likashuka upande wa kibanda, mbali kidogo na pale Bwana Usafi aliposema, na kabla halijakunja mbawa likaruka tena. Likazunguka, likashuka palepale, likaruka tena.

"Pale kuna mtu," Dada akasema.

Alikwenda kwenye ubao akachomoa fimbo kwa kukumbatia, nyingi kadiri alivyoweza, akashuka tuta. Mlinzi akabeba ubao mwingine mrefu, wa kukanyagia, na kamba. Muuza maziwa akavua viatu akafuata. Mimi nilikuwa wa mwisho, na maji yaliponifika mapajani nilikumbuka siku zote nilizosema sipendi kinamasi, nikaona nilikuwa sijui hata ninachokisema. Dada alikuwa anazilaza fimbo juu ya tope anakanyaga, anazichomoa, anazilaza mbele. Hakuteleza. Alikuwa anakwenda kama mtu anayekwenda kwenye kitanda cha mgonjwa.

Tulimkuta amezama kwenye tope hadi kiunoni na maji yamemfika kwapani. Alikuwa amevunja matete akayakumbatia yamsaidie kuelea, na koti lake alikuwa amelitandaza mbele yake juu ya mengine. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Tulikuwa tunakuja kwa kishindo, maji yanaruka, mlinzi anapiga kelele, na yeye hakugeuka, kwa sababu hakuwa na habari kama tupo. Nilikiona kisogo chake chenye mvi, kimetulia, kinatazama upande wa kituo cha basi. Picha hiyo ndiyo inayonirudia mpaka leo. Dada alimfikia wa kwanza. Akanyoosha mkono akamgusa begani, na shemeji akashtuka mwili mzima.

Kumtoa ilikuwa shughuli. Tope lilimng'ang'ania mpaka likabaki na buti zake zote mbili. Tulivuta kwa kamba, mlinzi na muuza maziwa wakamburuta juu ya ubao kama gunia, na tulipofika kwenye tuta wote tulikuwa rangi moja. Muuza maziwa hakukubali asante ndefu. Alisema ana madebe yake barabarani, akaondoka peku, viatu mkononi.

Chumba cha mlinzi kina kitanda kimoja, kiti kimoja na jiko. Tulimketisha shemeji kwenye kiti, tukamvua shati, tukamfunga blanketi. Meno yalikuwa yakigongana. Dada alisimama nyuma yake na taulo, anamkausha mgongo, anausugua kama anayesugua doa. Mlinzi aliukoka moto upya. Baada ya chai kidogo shemeji akaanza kueleza, na kwa sauti yake ile kila mtu alisikia, na mto nao ukasikia.

Alisema alipotoka kwenye matete fimbo haikuwepo. Akadhani ametokea upande usio wake, kwa hiyo akarudi kuitafuta njia, akakanyaga pasipokanyagika. Mwanzoni tope lilikuwa la magotini tu. Kila alipojivuta likamnyonya zaidi, akaacha kujivuta. Mahali alipokwama palikuwa na uwazi kati ya matete, akawa anauona ubao, na kituo, na sisi.

"Nilikuona unautazama ubao," akasema. Alikuwa anamwambia mkewe, ingawa uso wake ulikuwa kwangu. "Nikapunga mkono. Nikapunga yote miwili. Hukugeuka. Basi likaja, ukapanda." Akameza chai. "Nikasema basi, amechoka. Ana haki ya kuchoka."

Mkono wa Dada ulisimama mgongoni mwake.

Mimi nilifikiri nitasikia kilio, au nitasikia ugomvi, maana dada yangu akionewa huwa hakopeshi. Alianza kusema kitu, nyuma ya kichwa cha mumewe, haraka haraka, kwamba angewezaje kumwacha, kwamba fimbo zilikuwa zote, kwamba mgeni ndiye aliyeharibu. Shemeji aliendelea kupuliza chai yake. Hakusikia hata moja. Dada aligundua hilo katikati ya sentensi, akanyamaza, na nilimwona akifikiri. Akaliweka taulo kitandani. Akazunguka kiti, akapiga magoti mbele yake, magoti yale yale mabovu, juu ya saruji, akamshika kidevu akamwinua uso.

"Sikukuangalia," akasema polepole, mdomo wazi, kila silabi peke yake.

"Najua," shemeji akasema. "Siku nyingi."

Mlinzi alikumbuka kwamba ana jambo la kufanya nje. Mimi nilikuwa sina pa kwenda, nikabaki natazama jiko, machozi yananidondoka kwenye nguo zenye matope. Miaka yote ile nilidhani hajui. Nilidhani ukimya wa nyumba ile yeye hausikii, kama asivyosikia mengine.

Mlinzi alimpata mtu mwenye gari la mizigo linalokwenda mjini. Mbele kulikuwa na nafasi ya mmoja, tukamwambia shemeji apande, akakataa, akasema atachafua kiti. Kwa hiyo tulipanda wote watatu nyuma, kwenye bodi la wazi, mimi nikaegemea kibanda cha dereva na wao wakakaa mkabala, magoti kwa magoti, blanketi likiwa limewafunika miguu. Giza lilikuwa limeingia. Injini ilikuwa mbovu, upepo ulikuwa ukivuma masikioni, na kila tuliporuka shimo bati lote lilikuwa likilia.

Dada alikuwa ameiazima tochi ya mlinzi. Aliiwasha akaielekeza usoni kwake mwenyewe, kutokea chini ya kidevu, mwanga ukamkamata mdomo na pua. Ungekutana naye njiani ungekimbia. Akaanza kuongea. Nilimwuliza anasema nini, hakunigeukia. Niliinama niwasogelee, nikaambulia upepo mtupu. Aliongea tulipopita kiwanda cha matofali, aliongea tulipovuka reli, mdomo wake ukifunguka na kufungika polepole kwenye ule mwanga, na shemeji alikuwa amekaza macho kwenye midomo hiyo bila kupepesa. Karibu na taa za kwanza za mji, gari liliruka shimo, tochi ikayumba, na shemeji akamshika mkono akairudisha mahali pake.

"Rudia," akasema, kwa sauti iliyomfanya dereva ageuke.

Dada akarudia.